Sura ya Saba: Vumbi Moja, Mizani Nne

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa mahali pake ni pa kweli. Ni miezi ya mwisho ya mwaka 2001, katika kambi ya ndege za kivita ya Thumrait, jangwani nyuma ya milima ya Dhofar, kusini mwa Oman. Watu wanne wamesimama kando ya njia ya kurukia ndege. Wa kwanza ni sajini wa jeshi la anga la Oman, mzaliwa wa Unguja aliyekulia Maskati. Wa pili ni fundi wa jeshi la Uingereza. Wa tatu ni askari wa jeshi la anga la Marekani ambaye wazazi wake walihama kutoka Mombasa. Wa nne ni fundi mitambo wa Kampala, aliyeajiriwa na kampuni yenye mkataba na jeshi la Marekani. Ndege zinanguruma, moshi wa mafuta unatanda, upepo unawapiga vumbi usoni wote kwa pamoja.

Miaka 20 baadaye wote wanne wanakohoa. Kila mmoja ana daktari wake, katika mji wake, na madaktari wote wanne wameandika jina moja la ugonjwa: mkamba sugu. Kwa mapafu, hawa ni kundi moja. Kwa sheria ni watu wanne wasiojuana, na kikohozi cha kila mmoja kitapimwa kwa mizani yake.

Maswali matatu

Popote pale ambapo askari mstaafu anadai fidia kwa ajili ya ugonjwa, maswali anayokutana nayo hayazidi matatu. Unaumwa nini leo? Ulipatwa na nini ulipokuwa jeshini? Ni nini kinachounganisha hayo mawili? La kwanza hujibiwa na daktari. La pili hujibiwa na karani mwenye ufunguo wa kabati la mafaili. La tatu ndilo linalowaangusha watu wengi, maana daktari husema yeye hakuwepo jangwani, na karani husema yeye si daktari.

Jeraha la risasi hujibu yote matatu kwa mara moja. Kovu lipo, tarehe ipo, rubani wa helikopta aliyembeba majeruhi ameandika safari yake. Kesi ngumu ni za magonjwa yanayokuja taratibu: usikivu unaopungua, mapafu yanayobana, mgongo, usingizi uliotoroka. Mtu akifika miaka 60, kila ugonjwa wake una njia kumi za kuingilia. Je, alikuwa mvutaji sigara? Je, alipotoka jeshini alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji? Je, baba yake naye alikuwa na pumu? Kila swali ni halali kitabibu, na kila swali ni mlango wa kutokea kwa anayetakiwa kulipa.

Mara nyingi maswali haya hayaishi. Daktari mwaminifu huchunguza, hupima, kisha husema kwamba huenda ni jeshi na huenda siyo. Sheria haiwezi kukaa katika "huenda". Lazima kesi iende upande mmoja, kwa hiyo lazima iwepo kanuni inayosema nani apoteze pale ambapo hakuna ajuaye kwa hakika. Kanuni hiyo ndiyo mzigo wa kuthibitisha, na hoja ya sura hii ni kwamba ndiyo inayoamua kesi nyingi za askari wastaafu, kuliko hata vipimo vya hospitali.

Turudi kwa watu wetu wanne. Mmarekani ana mizani nyepesi kuliko wote. Sheria ya nchi yake inataka ushahidi wa pande mbili ulingane tu. Ukilingana, shaka humfaidi askari. Isitoshe, tangu mwaka 2022 jina la Oman limo katika orodha ya nchi ambazo aliyetumikia humo huhesabiwa kuwa alivuta hewa chafu, bila kuulizwa alisimama wapi upepo ulipovuma.

Mwingereza aliyetumikia kabla ya tarehe 6 Aprili 2005 yumo katika mpango wa zamani wa pensheni za vita. Akidai ndani ya miaka 7 tangu aache jeshi, serikali ndiyo inayopaswa kuonyesha kwamba ugonjwa hautokani na utumishi. Miaka 7 ikipita, mzigo unamgeukia yeye: alete ushahidi wa kuaminika unaotosha kuzusha shaka ya maana. Mwenzake aliyeugua kwa utumishi wa baada ya tarehe hiyo ya 2005 hupimwa kwa kanuni nyingine, ambapo yeye mwenyewe huthibitisha kwamba uwezekano wa jeshi kuwa chanzo ni mkubwa kuliko wa kutokuwa.

Fundi wa Kampala analindwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1941 inayowahusu wafanyakazi wa makandarasi katika kambi za ng'ambo, bila kujali uraia. Kwenye karatasi sheria hiyo ni ya ukarimu: anayedai huanza na dhana inayomwelemea mwajiri. Lakini kuna muda wa kudai, mwaka 1 kwa jeraha na miaka 2 kwa ugonjwa wa kazini tangu alipotambua kwamba kazi ndiyo chanzo, na yeye yuko Kampala, kampuni iko nchi nyingine na bima iko nchi ya tatu. Tena sheria hiyohiyo inaruhusu fidia ya kudumu ya asiye raia igeuzwe kuwa malipo ya mkupuo kwa nusu ya thamani yake. Waganda waliolinda kambi za Marekani nchini Irak kuanzia katikati ya muongo wa 2000 walikuwa chini ya sheria hii. Asiyejua kwamba sheria ipo hawezi kuhesabu miaka yake.

Naye sajini wetu wa Maskati? Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 52 ya mwaka 2023, imewawekea wafanyakazi wa kiraia bima ya ajali na magonjwa ya kazini. Yeye hayumo humo. Jeshi na vyombo vya usalama vina mfuko wao wa pensheni. Kwake mambo hupitia kwa lajna, yaani kamati, ya madaktari, na lajna huamua kwa kilichomo ndani ya faili. Kwa hiyo ni lazima tuulize faili lenyewe lilizaliwaje.

Vita yenye kalamu chache

Pale Ruwi, katikati ya Maskati, ipo ngome nyeupe ya Bait al Falaj. Hapo zamani palikuwa makao makuu ya jeshi la Sultani, na leo ni jumba la makumbusho ya majeshi. Mgeni huona bunduki, magari, sare na ramani za Vita ya Dhofar, iliyoanza mwaka 1965 na kutangazwa kumalizika tarehe 11 Desemba 1975, siku ambayo hadi leo huadhimishwa kuwa Siku ya Majeshi. Vita hiyo imehifadhiwa vizuri upande wa silaha. Upande wa miili ya waliozibeba, kumbukumbu ni chache.

Sababu mojawapo ni hali ya nchi yenyewe. Kabla ya Sultani Qaboos kushika madaraka tarehe 23 Julai 1970, Oman ilikuwa karibu haina hospitali. Watu wa Maskati walitegemea sana hospitali ya wamisionari wa Kimarekani kule Matrah. Hospitali ya Kifalme ilifunguliwa mwaka 1987, na ile ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos mwaka 1990. Askari aliyeacha jeshi mwaka 1976 akiwa na sikio linalolia angeweza kukaa zaidi ya miaka 10 kabla ya kupimwa kikamilifu na mtaalamu. Katika miaka hiyo ameshaendesha teksi, amefanya kazi bandarini, amezeeka. Nani ataapa sasa kwamba sikio liliharibika mlimani?

Sababu nyingine ni jinsi jeshi lilivyokuwa mchanganyiko. Walikuwemo Waarabu wa Oman. Walikuwemo Wabulushi, wengi wao wakitoka upande wa Gwadar, bandari iliyokuwa ya Sultani hadi ilipouzwa kwa Pakistan mwaka 1958. Walikuja askari wa Iran na Jordan. Maofisa Waingereza nao walikuwa wa aina mbili: walioazimwa na jeshi lao, waliobaki kuwa askari wa Uingereza, na wale wa mkataba, walioajiriwa moja kwa moja na Sultani. Waingereza wawili wangeweza kula meza moja, kupanda gari moja na kukanyaga bomu moja la ardhini. Mmoja angedai London, mwingine mwajiri wake alikuwa Maskati.

Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1970 walianza kurudi Waomani wa Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa wameikimbia Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Walikuja na elimu, Kiingereza na Kiswahili, wakaingia wizarani, kwenye mafuta, polisi na jeshini. Shida yao ya ushahidi ilikuwa ya peke yake. Jina la mtu liliandikwa kwa Kiarabu kwenye hati moja na kwa herufi za Kilatini kwenye nyingine, na kila karani alilisikia kwa sikio lake: Suleiman huyu, Sulayman yule, Sleyum wa tatu. Mwingine aliongezwa jina la kabila ambalo halikuwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa cha Unguja. Ndiyo maana kwa mzee wa namna hii namba ya jeshi ina thamani kuliko jina: jina linaweza kuandikwa kwa njia tano, namba haibadiliki.

Na kulikuwa na siri. Tarehe 19 Julai 1972, mji mdogo wa pwani wa Mirbat ulishambuliwa na wapiganaji wengi. Miongoni mwa walioulinda walikuwa askari 9 wa kikosi maalumu cha Uingereza, SAS. Sajini Talaiasi Labalaba, mzaliwa wa Fiji, alipiga mzinga wa ratili 25 kwa shabaha ya karibu hadi alipouawa. Rasmi, kikosi hicho kilikuwa Oman kwa ajili ya mafunzo. Vita inapoitwa mafunzo, karatasi za miaka hiyo husema mafunzo, na anayekuja kudai miaka 30 baadaye kwamba kichwa chake hakijatulia tangu siku ile anaanza na faili linalombishia.

Wapo walioacha alama. Majeruhi wazito wa Dhofar walipelekwa kwenye kituo cha upasuaji cha Waingereza kilichokuwa uwanja wa ndege wa Salalah, na mpasuaji huandika. Aliyetetemeka kwa homa, aliyezibuliwa masikio na mzinga akacheka na wenzake, aliyeanza kulala muda wa saa tatu tu kila usiku: hawa hawakuandikwa popote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo hivyohivyo.

Sikio linavyotoa ushahidi

Hata hivyo mwili si bubu kabisa. Zipo dalili ambazo daktari anaweza kuzisoma hata kama faili ni tupu, na sikio ndilo shahidi bora.

Mlio wa bunduki ya kijeshi karibu na sikio hupita desibeli 150. Kwa kulinganisha, wataalamu wa afya kazini huweka kikomo cha desibeli 85 kwa kazi ya saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Ndani ya sikio vipo vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti, na vikishakufa havioti tena. Cha muhimu kwa kesi yetu ni kwamba kelele huanza kuviua vile vinavyopokea sauti nyembamba za karibu na hezi 4,000. Mtu aliyeharibiwa na kelele, akipimwa, mchoro wa usikivu wake huonyesha shimo hapo, kisha hupanda tena kidogo kwenye hezi 8,000. Uzee peke yake haufanyi hivyo. Mchoro wake huteremka taratibu kuelekea sauti nyembamba bila kupanda. Kwa hiyo mpimaji makini anaweza kutazama karatasi moja akaona tofauti ya mzinga na umri.

Ushahidi huu una mipaka miwili. Mchoro husema "kelele", hausemi "kelele ya jeshi". Aliyefanya kazi kwenye karakana naye atakuwa na shimo hilohilo. Na kadiri miaka inavyosonga, uteremko wa uzee hulifikia shimo na kulifukia. Akipimwa na miaka 35, mchoro unazungumza waziwazi. Akipimwa na miaka 75, unanong'ona.

Ugonjwa wa akili ulikuwa na kikwazo kigumu zaidi. Kiwewe cha vita ni cha kale kama vita yenyewe, lakini jina la kitabibu linalotumika leo, ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, liliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Dhofar ilikwisha 1975. Hakuna askari wa vita ile aliyeweza kutoka jeshini na jina hilo kwenye faili lake, hata kama daktari wake alikuwa mwerevu kuliko wote. Kama kuna kitu kiliandikwa, huenda ni uchovu, ulevi au utovu wa nidhamu. Anayechunguza dai la mzee kama huyu anapaswa kutafuta ugonjwa ndani ya maneno ya adhabu: aliyekuwa koplo bora mwaka 1971 na kufikia 1974 ameshavuliwa cheo mara mbili, nini kilimpata katikati?

Nyumbani Maskati, mashahidi wa kesi hizi ni wake na watoto. Wao ndio wanaojua kwamba mzee hakai mkahawani mgongo ukiwa mlangoni, na kwamba mlio wa fataki za sikukuu humfungia chumbani. Lakini familia nyingi huliona jambo hili kuwa la kuficha, na askari mwenyewe huliona kuwa upungufu wa imani au wa uanaume. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lajna haiwezi kuijua kama hakuna aliyeisema.

Mgonjwa aliyefundisha dunia kuhusu sababu

Mwanzoni mwa karne iliyopita, kijana mmoja wa Kiingereza, Austin Bradford Hill, aliacha ndoto ya udaktari akaenda Vita ya Kwanza ya Dunia kama rubani. Huko akapata kifua kikuu, akarudishwa nyumbani. Alipewa pensheni ya ulemavu ya asilimia 100, kwa kuwa hakutarajiwa kuishi. Aliishi hadi mwaka 1991, akiwa na miaka 93, na katika maisha hayo ya ziada akawa mtakwimu aliyeonyesha, pamoja na Richard Doll, kwamba sigara huleta saratani ya mapafu.

Mwaka 1965 Hill alitoa hotuba London mbele ya madaktari wa magonjwa ya kazini. Alijiuliza: tunapoona kitu fulani na ugonjwa fulani vikienda pamoja, ni lini tuna haki ya kusema kimoja kimeleta kingine? Alitaja mambo 9 ya kuangalia. Kwa askari, manne yanatosha kuelezwa. Je, kilichoshukiwa kilitangulia ugonjwa? Je, aliyekipata kwa wingi anaumwa zaidi? Je, matokeo hujirudia kwa watu wengine, mahali pengine? Je, yanaingia akilini kwa tunavyoujua mwili? Akamaliza kwa kuonya kwamba sayansi yote ina mapungufu, na mapungufu hayo hayatupi ruhusa ya kupuuza tunachokijua wala kuahirisha hatua.

Wanaodai fidia wangefaa kuyapanga madai yao kwa maswali hayo. Yanasaidia pia kuona udhaifu. Takwimu huzungumza juu ya makundi. Zinaweza kusema kwamba katika watu elfu waliovuta moshi, wagonjwa ni wengi kuliko kawaida. Haziwezi kunyooshea kidole mmoja wao na kusema huyu angepona kama asingekwenda Thumrait. Lajna na mahakama hutaka jibu juu ya huyo mmoja, na hakuna maabara itakayowapa.

Serikali inapokubali kutojua

Ndiyo maana Marekani, baada ya miaka mingi ya kuzozana na askari wake, ilibuni njia ya kuliruka swali la tatu. Kati ya 1962 na 1971 ndege zake zilimwaga mamilioni ya lita za dawa ya kuua majani juu ya misitu ya Vietnam. Askari waliorudi wakaanza kuugua saratani na kisukari. Hakuna aliyeweza kuthibitisha ni siku gani tone gani lilimwangukia. Mwaka 1991 bunge likapitisha sheria inayochukulia kuwa aliyekuwa Vietnam aliguswa na dawa hiyo, na kwamba magonjwa fulani yakimpata, yametokana nayo. Hiyo ndiyo dhana ya kisheria: kuwepo mahali fulani, wakati fulani, na ugonjwa ulio kwenye orodha. Kinachounganisha hayo mtu haulizwi.

Karibu askari 700,000 wa Marekani walipelekwa kwenye Vita ya Ghuba ya 1990 na 1991, na wengi wakarudi na uchovu, maumivu na usahaulifu usiokuwa na jina. Sheria ya mwaka 1994 ikaruhusu walipwe hata kwa ugonjwa ambao madaktari hawajauainisha. Kisha vikaja vita vya Irak na Afghanistan, ambako taka za kambi, kuanzia plastiki hadi betri, zilitupwa kwenye mashimo makubwa na kuchomwa moto mchana na usiku. Tarehe 10 Agosti 2022 ikasainiwa sheria iitwayo PACT, iliyobeba jina la sajini Heath Robinson aliyekufa kwa saratani ya mapafu. Orodha yake ina pumu, mkamba sugu, makovu ya mapafu na saratani nyingi. Kwa utumishi wa kuanzia tarehe 2 Agosti 1990, nchi zake ni pamoja na Irak, Kuwait, Saudia, Somalia na Oman.

Oman iliingia kwa sababu Marekani ilikuwepo. Tangu makubaliano ya mwaka 1980, ndege zake zilitumia viwanja vya Masirah, Thumrait na Seeb. Tuwe waangalifu hapa. Sheria hiyo haijatangaza kwamba hewa ya Oman ni sumu, wala haikupima vumbi la Thumrait. Iliamua tu kwamba shaka isibebwe na mgonjwa. Lakini matokeo yake ni kwamba kuna sheria inayolipa kikohozi kilichopatikana kwenye ardhi ya Oman bila kuuliza kimetokana na nini, nayo inawahusu wageni.

Tofauti ya kumbukumbu nayo inastahili kutazamwa. Miezi ya Septemba na Oktoba 2001 Uingereza ilifanya Oman mazoezi makubwa yaliyoitwa Saif Sareea, yenye askari wake zaidi ya 20,000. Vumbi laini la jangwa liliziba vichujio vya hewa vya vifaru vyake, na mwaka uliofuata wakaguzi wa hesabu za serikali wakayaeleza matatizo ya vifaa kwenye ripoti ya wazi. Kichujio cha kifaru kina namba, bei na mkaguzi. Pafu la dereva wa kifaru hicho halina mkaguzi hadi lianze kukohoa.

Ufagio wa Mwanza

Afrika Mashariki inajua yanayotokea karatasi zinapokosekana. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba waliokufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au huenda hawakukumbukwa kabisa. Sehemu kubwa walikuwa wapagazi, wale walioacha jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Waliuawa zaidi na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Kwa mjane wa mpagazi, lile swali la pili, mumeo alipatwa na nini, lilikuwa limefungwa kabla halijaulizwa: hakuna aliyekuwa ameandika kwamba mumewe alikuwepo.

Upande wa pili wa vita ileile kuna kisa kinachosimuliwa mpaka leo. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wazee waliopigana chini ya jenerali wa Kijerumani Lettow-Vorbeck. Mlipaji alipofika Mwanza alikuta mamia ya wazee, na wachache tu walikuwa na vyeti. Basi, husimuliwa, kila asiye na cheti alipewa ufagio aushike kama bunduki, akaamrishwa kwa Kijerumani kwa amri za kwata. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Iwe kweli kwa kila neno au imetiwa chumvi, hadithi hiyo inaonyesha kwamba mwajiri akitaka kumtambua mtu wake, hupata njia. Marekani nayo ilijifunza hivyo kwa kulazimika. Moto wa tarehe 12 Julai 1973 katika ghala la kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Tangu hapo maafisa hukubali barua za nyumbani, picha, orodha za malipo na maandishi ya wenzake wa kikosini, kwa kuwa si haki kumwadhibu mstaafu kwa kuungua kwa karatasi zilizokuwa mikononi mwa serikali.

Kabla ya kuvua gwanda

Kwa msomaji aliye Maskati mwenye baba au babu wa jeshi la zamani, kazi huanza na namba ya jeshi, jina la kikosi na miaka. Baada ya hapo ni kutafuta vipande: hati ya kuachishwa, picha zenye tarehe nyuma, wenzake walio hai wanaoweza kuandika walichokiona kwa macho yao, wakitaja mahali na mwezi. Mamlaka ya taifa ya nyaraka na kumbukumbu, iliyoanzishwa mwaka 2007, hukusanya hata hati za watu binafsi. Karatasi za baadhi ya maofisa Waingereza wa Dhofar ziko Oxford, katika hifadhi ya Mashariki ya Kati ya chuo cha St Antony's. Jina la mtu mdogo linaweza kuwa kwenye shajara ya mkubwa.

Daktari naye aombwe zaidi ya jina la ugonjwa. Cheti kinachosema "anaumwa mapafu" hakisaidii kitu. Kinachosaidia ni maelezo ya daktari aliyesoma historia yote, akataja sigara kama zipo, akataja kazi za baadaye, kisha akaeleza kwa nini anaona jeshi lina sehemu, na sehemu kubwa kiasi gani. Kuficha sigara ni kosa linaloangusha kesi nzuri, kwa sababu zitaonekana, na zikionekana hakuna kitakachoaminiwa tena.

Kwa askari aliye kazini leo, ushauri ni mfupi: pimwa masikio na mapafu siku ya kuingia, pimwa siku ya kutoka, na omba nakala. Mripuko ukikuzibua masikio, nenda zahanati siku hiyohiyo hata kama wenzako watacheka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kabla ya kifo huumbuliwa na lajna.

Lakini ushauri huu wote unamtwisha askari kazi ambayo si yake. Yeye hakuchagua kambi, hakupima hewa, hakutunza kabati la mafaili. Jeshi lilifanya yote hayo, au lilikuwa na uwezo wa kuyafanya. Kwa hiyo haki haidai mengi: daftari la kila kikosi lioneshe nani alikuwa wapi na alivuta nini, vipimo vya kuingia na kutoka viwe vya lazima, na pale ambapo daftari halikuandikwa, pengo lihesabiwe dhidi ya aliyekuwa na wajibu wa kuliandika. Nchi iliyoweza kuhifadhi bunduki zilizotumika Dhofar inaweza kuorodhesha masikio yaliyokuwa nyuma yake.